Tumbo Joto: Kutoka Daraja la Rusizi Mpaka Kwangu

Kwanza niseme wazi, ili asiyependa afungue ukurasa mwingine: hii ni habari ya tumbo. Wenzangu katika jarida hili huandika mambo makubwa, vita, shule, safari ya Marekani iliyokwama. Mimi naleta choo. Mnisamehe, nimetafuta mlango mwingine wa kuingilia nikakosa.

Nikifika gare ya Kamembe, kabla sijauliza gari la Bugarama linaondoka saa ngapi, naangalia choo kiko upande gani na kama niko na sarafu ya kulipia. Kwenye kikao cha vijana nakaa karibu na mlango. Siku ya safari ndefu sili kitu tangu jana yake jioni, na wenzangu wa kazi wanadhani nafunga kwa ajili ya Mungu. Nimeishi hivi tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, na sasa niko na ishirini na tano.

Kiswahili kina jina la jambo hili, wala si la hospitali. Mtu anayengojea matokeo ya mtihani, au aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu, tunasema ameshikwa na tumbo joto. Hofu yetu tumeiweka tumboni, hatukuiweka kichwani. Nililijua neno hilo tangu utotoni, nikalitumia kuchekesha watu, na ilinichukua zaidi ya miaka kumi kuelewa kwamba lilikuwa linanisema mimi.

Mama anasimulia kuvuka kwetu hivi. Mwisho wa Mei 2004 risasi zilianza Bukavu, na watu wa aina yetu wakawa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Tarehe 2 Juni mji uliangukia mikononi mwa wanajeshi wa Nkunda na Mutebutsi, lakini sisi tulikuwa tumeshavuka. Mama alikuwa na dada yangu mdogo mgongoni na furushi kichwani. Mimi nilikuwa na miaka minne, si wa kubebwa na si wa kukimbia. Jirani yetu, nitamwita Mama Furaha, ndiye alinifunga kwa kitenge mgongoni pake, na watoto wake wawili wakimbie mbele kwa miguu yao. Katikati ya daraja tumbo langu likafunguka. Kitenge, mgongo, mpaka kwenye sandali zake. Mama Furaha hakusimama. Miaka mingi baadaye alikuwa anaileta habari hiyo kwenye harusi na hata kwenye matanga: "Huyu mtoto alinibariki kwenye daraja." Watu wanacheka, mimi naangalia chini.

Upande huu tulikaa kituo cha muda, Cyangugu. (Jina la wilaya ya Rusizi lilikuja na mageuzi ya mikoa ya mwaka 2006. Wazee bado wanasema Cyangugu, na mimi nawafuata.) Huko nilihara wiki mbili, na damu ndani. Watoto wengi walihara. Mwaka uliofuata kambi ya Nyabiheke ilifunguliwa mashariki ya nchi, tukapelekwa huko. Tumbo lilipona. Hofu ya Mama haikupona, na mimi nimekulia ndani ya hiyo hofu kama vile mtoto anakulia ndani ya moshi wa jikoni. Mlango ukigongwa usiku, nyumba nzima inanyamaza, hata mtoto anayelia anajua kunyamaza. Asubuhi yake mimi niko chooni.

Nilipoanza kusoma historia ya mto huu, nilikuwa natafuta wanajeshi na mipaka. Nilikuta matumbo.

Aprili 1916 jeshi la Wabelgiji lilivuka Rusizi na kuingia Shangugu, kama walivyoandika wakati ule, likiwasukuma Wajerumani. Nyuma ya jeshi walikuwa wapagazi. Vita ile katika Afrika Mashariki ilibebwa kichwani, maana magari hayakuwa na barabara na punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria wapagazi karibu 95,000 walikufa, na waliouawa na risasi ni sehemu ndogo sana. Wengi waliuawa na magonjwa, na kuhara damu kulikuwa mbele. Walipewa unga wa mahindi ambao hawakuuzoea, umesagwa vibaya, hakuna muda wa kuuivisha, na utumbo ukachubuka. Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam, au Kariokor ya Nairobi, unatembea juu ya jina la jeshi lile la wapagazi.

Kuna jambo lilinikera hapo, nitalisema. Februari 1915, vita ikiwa bado mbichi, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet juu ya askari wazungu waliotetemeka, waliopoteza macho au kumbukumbu baada ya mabomu, na ugonjwa wao ukapata jina na baadaye hospitali zake. Mpagazi wa Kivu aliyetolewa kijijini kwa kamba, akaona wenzake wanakufa kando ya njia, yeye aliandikwa "kuhara" basi. Inawezekana ilikuwa kuhara kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza kama analala usiku.

Julai 1994 ziwa letu lilikunywesha watu kifo. Karibu watu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache, wakachota maji ya Kivu, kipindupindu kikaja, kisha kuhara damu, na inakadiriwa watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja. Huku kusini, wakati wanajeshi Wafaransa wa Operesheni Turquoise walipoondoka mwisho wa Agosti, msururu ulivuka daraja letu kuelekea Bukavu. Na juu ya mlima, Nyarushishi, Watutsi wapatao 8,000 walionusurika mauaji ya kimbari walikuwa wamekusanywa tangu Mei, wanahesabu siku. Kambi ya muda ya wakimbizi wa Kongo iko Nyarushishi hiyo hiyo. Nikienda huko kikazi, natembea kwenye hofu za watu wa nyakati mbili.

Baada ya mwaka ule Wanyarwanda walitengeneza maneno, kwa sababu waliyokuwa nayo hayakutosha. Moja ni ihahamuka. Ndani yake kuna mapafu: ni mtu aliyekatika pumzi, kama mapafu yameondoka. Daktari wa akili Athanase Hagengimana, Mnyarwanda, aliliandikia neno hilo akaonyesha kwamba watu waliokuja kwake hawakuanza kwa kusema "nina huzuni" au "nina kumbukumbu mbaya". Walianza na mwili. Pumzi inakwama, kifua kinabana, kitu kinapanda kutoka tumboni. Utafiti mkubwa wa afya ya akili wa nchi, wa mwaka 2018, ulikuta ugonjwa wa kiwewe kwa asilimia 3.6 ya watu wote, lakini kwa manusura wa mauaji ya kimbari ni asilimia 27.9. Ni miaka 24 baadaye! Anayesema "wakati unaponya" asome hiyo namba.

Sasa nirudi kambini, maana huko ndiko mambo yalipoharibika.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, kidato cha kwanza, tumbo lilirudi. Linajaa hewa kama mpira, linasokota, naenda choo mara tano asubuhi, kisha siku tatu siendi kabisa. Likisokota, moyo unapiga. Moyo ukipiga, linasokota zaidi. Kwetu, ukisema tumbo inauma, jibu liko tayari kabla hujamaliza. Mkongomani atakuambia: amibe. Mnyarwanda atakuambia: inzoka. Nilimeza Flagyl mpaka mdomo ukawa na ladha ya msumari. Nilimeza dawa za minyoo. Kwa hesabu ya Mama nilipewa dawa ya amibe mara kumi na moja kwa miaka mitatu, mara mbili tu baada ya kipimo, nyingine zote ni duka la dawa na ushauri wa majirani. Kila mara napata nafuu siku nne, tano, halafu narudi pale pale. Leo naamini ile nafuu ilikuwa ya kutulia roho: nimepewa jina la ugonjwa na kidonge, hofu inakaa chini kidogo.

Amibe ikikataa kupona, kwetu kuna jibu la pili. Batu banasema karuho.

Aliyekulia Bukavu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: karuho ni sumu ya polepole inayosemwa mtu huwekewa kwenye chakula au pombe, na dalili zake ni tumbo lisilopona, kukonda, kukohoa. Kuna waganga wa kuitapisha. Na karuho haiji peke yake, inakuja na swali: ulikula kwa nani?

"Unakulaka wapi ukitoka masomo?" Mama aliniuliza jioni moja.

Nilikuwa nakula kwa Mama Furaha. Kila mtoto wa mtaa wetu alikuwa anakula kwa Mama Furaha.

Mama hakusema kitu. Alinipeleka kwa mama mmoja mzee, nikanyweshwa majani, nikatapika mpaka nikaona nyota, na yule mzee akaangalia beseni akasema ametoa kitu cheusi. Mimi niliona maharagi. Tangu siku ile Mama aliacha kumsalimia Mama Furaha. Hakumshitaki, hakumtukana, na hilo namshukuru, maana nimejua nyumba zilizovunjwa kwa neno hilo moja. Aliacha tu kumsalimia. Kwenye bomba la maji anageuza uso. Mwanamke aliyenibeba mgongoni na uchafu wangu, aliachwa kwenye mstari wa maji kama mgonjwa wa ukoma, na hakujua kosa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Niliweza kusema neno, sikusema. Kwanza nilikuwa naogopa kwamba ni kweli.

Mwaka 2017 Mama Furaha na watoto walipata nafasi ya kupelekwa Marekani. Waliondoka alfajiri na basi. Mama alibaki ndani ya nyumba.

Mimi nilikuja Kamembe baada ya sekondari, nikaanza kazi na vijana. Hofu ilikuja nayo. Mwaka wa pili wa kazi nilizimia kwenye foleni, daktari mmoja kijana akanipima damu, choo, tumbo kwa mashine ya picha, kila kitu. Akaweka karatasi chini akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Tumbo linaanzaga kabla ya nini?" Nikafikiri. Kabla ya safari. Kabla ya kikao. Kabla ya mlango kugongwa. Akaandika neno la Kifaransa, kolopati, yaani utumbo hauna kidonda wala mdudu, lakini unaudhika haraka na unaumia kwelikweli. Pembeni akaandika wasiwasi wa muda mrefu. Akaniambia hayo ni magonjwa mawili yanayolishana, tutibu yote mawili.

Nilikasirika. Niliona ameniambia najifanya. Kwa lugha yetu, "iko kwenye kichwa" ni tusi. Nilirudi nyumbani na ile karatasi, nikaanza kusoma ili nimwonyeshe amekosea.

Mtu wa kwanza aliyenikamata ni daktari wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa. Alitibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mwaka 1871 alichapisha kazi juu ya "moyo unaoudhika": vijana ambao moyo unawapiga mbio, kifua kinauma, pumzi inakatika, na ukifungua hukuti moyo mgonjwa. Hiyo inajulikana sana. Kilichonishangaza ni kwamba wengi wa vijana wale, kwa maandishi yake mwenyewe, walianza na kuhara kambini. Na mwaka ule ule wa 1871, katika jarida lile lile, Da Costa aliandika tena juu ya ugonjwa wa utumbo: watu wenye maumivu ya tumbo, choo chenye ute, na roho isiyotulia. Daktari mmoja, mwaka mmoja, moyo unaoudhika na utumbo unaoudhika. Waliomfuata waligawana: moyo ukaenda kwa watu wa vita na akili, utumbo ukaenda kwa watu wa matumbo, na milango ikafungwa katikati.

Kabla yake kulikuwa na habari nyingine, hii ya kuchekesha na kusikitisha pamoja. Mwaka 1822 mbeba mizigo wa biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa ajali kwenye kisiwa cha Mackinac. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari William Beaumont akawa anachungulia humo kwa miaka, akitumbukiza nyama kwa uzi, na akaandika kwamba St. Martin akikasirika, tumbo linabadilika rangi na kazi yake inaharibika. Nadhani na mimi ningekasirika. Mwaka 1897 kijana wa Harvard, Walter Cannon, alianza kuangalia matumbo ya paka kwa miale ya eksirei. Paka akiwa ametulia, tumbo linasaga. Paka akiogopa, linasimama palepale. Basi hofu kusimamisha tumbo ilishaonekana kwa macho zaidi ya miaka mia iliyopita, na mimi nilikuwa nasema daktari wangu ananitukana.

Vita kuu ya pili ndiyo ilinifanya nicheke peke yangu. Jeshi la Uingereza lilishangaa kuona tumbo ndilo linawatoa askari wengi kazini mwanzoni mwa vita. Wajerumani nao walikuwa na askari wengi wa hivyo, mpaka wakaamua kuwakusanya pamoja ili wawapikie chakula laini. Mwaka 1944 divisheni nzima, ya 70, ililinda kisiwa cha Walcheren huko Uholanzi, na watu waliiita Divisheni ya Mkate Mweupe. Jeshi zima la watu wa tumbo joto! Kambi yetu ilikuwa nao wengi pia, ila sisi mkate mweupe hatukupewa.

Lakini swali langu lilibaki. Kama ni hofu tu, mbona mimi, na siyo dada yangu aliyekulia nyumba moja na mimi? Jibu, au nusu yake, nililikuta mbali. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Oxford, Chaudhary na Truelove, walifuatilia wagonjwa 130 wa utumbo huu, na karibu robo walisema ulianza baada ya kuhara damu. Mdudu aliondoka, utumbo haukusahau. Kisha Mei 2000, mwaka niliozaliwa, maji ya bomba ya Walkerton, mji mdogo wa Kanada, yaliingiwa na kinyesi cha ng'ombe. Watu saba walikufa, zaidi ya 2,300 waliugua. Watafiti walirudi baada ya miaka miwili: kati ya waliougua, karibu asilimia 36 walikuwa na huu utumbo unaoudhika. Kati ya ambao hawakuugua, asilimia 10. Na waliokuwa na wasiwasi au huzuni kabla ya maji mabaya, ndio walibaki nao zaidi.

Nilisoma hiyo mara tatu. Mdudu na hofu, vyote viwili, kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Nilijiona mgongoni kwa Mama Furaha, na wiki mbili za damu kituoni. Dada yangu alikuwa bado ananyonya, hakuhara. Sisemi nimethibitisha kitu, mimi si daktari na utumbo wangu si Walkerton. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na historia, sikuwa tu na aibu. Australia mwaka 2012 walichapisha ufuatiliaji wa watu kwa miaka 12: wengine huanza na wasiwasi kisha tumbo, wengine huanza na tumbo kisha wasiwasi. Barabara ina pande mbili. Mishipa ya fahamu ya utumboni ni mamilioni mengi, na inaongea na kichwa mchana na usiku. Wengine wanaita "ubongo wa pili". Sipendi sana msemo huo, unafanya tumbo lionekane lina akili. Langu halina.

Na hapa lazima niseme kosa langu, maana baada ya kujua haya nilikuwa kama mtu aliyeokoka jana: kila mtu namhubiria.

Mwaka 2025, baada ya vita kufika Bukavu mwezi wa Februari, tulipokea watoto wengine. Kijana mmoja wa miaka kumi na tano, nitamwita Amani, alikuwa anakuja mpirani halafu akaacha. Nikamfuata. "Yaya, tumbo haininyamazie," akasema. Nilimwona anakaa karibu na mlango, nikajua. Nilimkalisha nikamwambia habari ya paka wa Cannon, ya askari wa mkate mweupe, nikamfundisha kupumua. Alinisikiliza vizuri. Aliendelea kukonda. Shangazi yake akaanza kusema karuho, na mimi nikasimama kwa nguvu zote kupinga karuho, nikiona namlinda jirani fulani ambaye simjui. Mwezi mzima ulipita. Ni mshauri wa afya wa mtaa, mama mmoja asiyesoma Lancet, aliyemshika mkono akasema huyu mtoto suruali inamwanguka, kwa nini hajapimwa? Walipima choo. Alikuwa na giadia, kijidudu cha maji machafu, kinachotibika kwa dawa ile ile ya Flagyl niliyoidharau.

Nimeomba msamaha kwa Amani. Akaniambia si kitu, Yaya, hata kupumua kulinisaidia. Mimi halikunitoka moyoni. Kwa hiyo sasa, kabla ya hadithi yoyote, nauliza: kuna damu? Umepungua kilo? Una homa? Maumivu yanakuamsha usikuni? Unakunywaka maji gani? Hata jibu moja likiwa la kutisha, twende kituo cha afya leo, hofu tutaizungumza njiani. Kolopati haileti damu, haikondeshi hivyo. Na aliye nayo naye hupimwa kwanza, kama mimi nilivyopimwa.

Mimi mwenyewe ninaishije? Sijapona, na simjui aliyepona kabisa. Niliacha kumeza dawa za amibe bila kipimo. Daktari alinipa amitriptilini kwa dozi ndogo, dawa ya zamani ya huzuni, ya bei ya chini, nayo ilipunguza kusokota. Baadaye nilisoma kwamba Uingereza mwaka 2023 waliijaribu kwa wagonjwa 463 wa tumbo hili ikawasaidia. Isiwe sababu ya mtu kuinunua sokoni, ina madhara yake. Chakula ni shida ya pekee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wameorodhesha vinavyojaza hewa: maharagi, vitunguu, ngano, maziwa. Vizuri. Lakini mgao wetu kambini ulikuwa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Kumwambia mtu wa kambi aache maharagi ni kumwambia aache kula. Ninachofanya naloweka maharagi usiku kucha, namwaga yale maji, napika kwa maji mengine. Siku ya safari nakula wali na sambaza. Inatosha.

Kikundi kilisaidia kuliko nilivyotarajia. Rwanda kuna njia iliyoanza Byumba mwaka 2005, wanaiita Mvura Nkuvure, niponye nikuponye: watu kumi mpaka kumi na watano, saa tatu kila wiki, wiki kumi na tano, mazungumzo tu kwa utaratibu. Imefika hata kambi za Wakongomani. Sisi tunafanya kitu kidogo kinachofanana, bila jina. Wiki ya nne nilisema mbele ya vijana kumi na wawili kwamba nakaa mlangoni kwa sababu ya choo. Wanne walicheka, kisha mmoja wao akasema hata mimi.

Mama yuko nami Kamembe sasa, anauza nyanya. Nilimsomea karatasi hii kwa Kinyarwanda na Kiswahili, sehemu ya Mama Furaha pia. Alichambua nyanya zake kimya. Nikasema, Mama, haikuwa karuho. Akasema, "Najua." Nikauliza tangu lini. Hakujibu.

Siku tatu baadaye alinipa simu yake, akaniambia nitafute namba kwa watoto wa Nyabiheke walioko Marekani, nimtumie salamu. "Sema Mama anakusalimia, basi." Nilirekodi hivyo hivyo, sikuongeza. Jibu lilikaa siku nne. Sauti ilikuwa ya sekunde kumi na moja, nyuma yake kuna gari zinapita, na ile ile sauti ya kwenye harusi, imezeeka kidogo.

"Nimesikia salamu. Na wewe, lile tumbo lako je?"

Mama alinirudishia simu akasema nimjibu mimi, yeye ana wateja. Wateja hawakuwepo.